Msumari wa Nne

Hakuwahi kukaa kwenye kiti cha mteja. Alifika ofisini kwa mtu, au dukani, au hata sebuleni kwa mtu, bahasha yake ya kaki ikiwa kwapani, akakaribishwa kiti, akashukuru, akabaki amesimama. Akiletewa chai alisema, "Saini kwanza, chai baadaye." Hakusema kwa ukali. Wengi waliudhika hata hivyo, maana kwetu mgeni anayekataa kiti na chai kwa pamoja huonekana amekuja na kesi.

Tulimwita Mama Prufu. Ana majina yake matatu na nayajua yote, lakini sitayaandika hapa. Niliwahi kuyaandika mahali ambapo hayakutakiwa, na kwa sababu hiyo hiyo hayakuandikwa mahali yalipotakiwa. Nitafika huko.

Kiwanda chetu cha uchapaji kilikuwa Mirongo, vyumba vitatu na mashine mbili, cha mtu binafsi tuliyemwita Bosi. Alikifungua wakati biashara zilipoachiwa huru na kila mtu ghafla alikuwa na kitu cha kuchapa. Wenye maduka walitaka vitabu vya risiti, viwanda vya minofu ya sangara vilitaka lebo za maboksi, vyama vipya vya siasa vilitaka mabango, makanisa yalitaka ratiba za ibada, na harusi zikaanza kutaka kadi zenye wino wa dhahabu. Mimi nilikuwa mpanga herufi. Wapiga chapa walikuwa wawili, wanaume wasiopenda maneno. Mama Prufu alishika kila kitu kinachotangulia mashine, yaani kupokea maandishi, kuyapanga kwenye foleni, kusoma prufu, ile nakala ya kuhakiki kabla ya kuchapa, kuipeleka kwa mteja, kurudi na saini.

Nyuma ya mlango alikuwa na ubao wenye misumari mitano. Kila kazi ilikuwa na bahasha yake ya kaki yenye uzi, na bahasha ilihama kutoka msumari hadi msumari. Wa kwanza, kazi imeingia. Wa pili, nimeshapanga herufi. Wa tatu, ameshaisoma yeye. Wa nne, iko kwa mteja. Wa tano, mteja ametia saini, sasa itengenezewe pleti, lile bati la kuchapia, iende mashineni. Msumari wa nne ndio ulioelemewa siku zote. Bosi alipita mbele yake kila asubuhi akihesabu bahasha na kuguna, na Mama Prufu alimwambia kwamba hata akiguna mpaka Krismasi, mteja asiyesoma hajasoma.

Kutoka msumari wa nne kwenda wa tano, ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuhamisha. Mpiga chapa mmoja alihamisha bahasha ya ratiba ya jubilei ya kwaya kwa sababu mashine ilikuwa imekaa bure. Mama Prufu aliporudi akakuta karatasi zinatoka, alikwenda moja kwa moja ukutani akazima umeme wa jengo zima. Akasimama gizani mle na kipochi chake mkononi. Hakumsema yule mtu. Alimpa prufu amsomee, na kwenye mstari wa sita jina la mwalimu wa kwaya halikuwepo kabisa. Nililiruka mimi wakati wa kupanga. Hakunisema mimi pia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alisoma prufu mara mbili. Mara ya kwanza alianzia neno la mwisho kurudi la kwanza, rula ikipanda taratibu, kwa sababu alisema mtu anayesoma kwa kwenda mbele anasoma anachokitarajia. Mara ya pili alisoma kawaida, kwa sauti. Na mteja naye alitakiwa asome kwa sauti, mbele yake, mwanzo hadi mwisho. "Jina lako lisome mara mbili," alikuwa akiwaambia. "La mwenzako mara tatu. Lako ukikosea utajicheka, la mwenzako hatacheka."

Meneja mmoja wa samaki alitia saini lebo huku akiongea na simu. Mama Prufu aliichukua ile prufu, akaichana mbele yake, akatoa nakala ya pili kutoka kwenye bahasha na kusubiri simu iishe. Alisubiri muda mrefu, akiwa amesimama. Mgombea udiwani wa kata moja alileta picha ya bango, kijana mwenye nywele nyingi na shingo nyembamba, ilhali yeye mwenyewe pale mbele yetu alikuwa na upara na mashavu. Mama Prufu hakubishana. Alimtaka aandike chini ya picha kwa mkono wake, "Huyu ni mimi," kisha atie saini. Yule bwana alishika kalamu, akaitazama picha, akairudisha kalamu mfukoni. Kesho yake alileta nyingine.

Mtu angedhani basi alikuwa mtu wa sheria tupu. Hakuwa hivyo. Palikuwa na mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Magu aliyekuja kuchapisha vitabu vya risiti za mnada wa ng'ombe. Alipopewa prufu aliishika vizuri, akaitazama kwa muda, akasema iko sawa. Mama Prufu aliipapasa shingo yake akasema ameacha miwani nyumbani, macho yake siku hizi ni ya kuazima, mzee amsaidie kwa kusema tu "ndiyo" pale atakapokuwa amesoma vizuri. Miwani ilikuwa ndani ya kipochi, nilijua. Akasoma, mzee akasema ndiyo, akasoma, mzee akasema ndiyo, na kwenye mstari wa namba za risiti mzee akasema hapana. Kulikuwa na kosa kweli. Mwishoni alipiga dole gumba, na Mama Prufu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Amesoma."

Hakuna aliyesoma vitu kama yeye. Alisoma mfuko wa sukari, alisoma kiberiti, alisoma karatasi iliyofungia maandazi. Lakini barua zilizomjia yeye hazikusomwa. Zilikuwa zikija kutoka Sengerema, mwandiko ule ule, mara mbili tatu kwa mwaka, naye aliziweka kabatini zikiwa zimefungwa. Nilimwuliza mara moja. Akasema, bila kuacha kazi aliyokuwa akifanya, "Ni baba yake binti yangu. Alivuka na kivuko kwenda kununua pamba, mtoto akiwa na miaka minne. Bado ananunua." Mtoto huyo wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa anafundisha shule ya msingi.

Kisha Bosi akaleta kompyuta yenye programu ya kupangia kazi. Fundi alitoka Nairobi kuja kuiweka. Kila kazi ilipata mstari wake kwenye kioo na visanduku vitano, vile vile kama misumari, na hatua ikiisha ukabonyeza kisanduku chake, kiligeuka kijani. Sote tulitarajia Mama Prufu agome. Aliijua kabla yetu. Baada ya wiki mbili alikuwa anamfundisha Bosi. Ubao ukashushwa ukapelekwa stoo, na matundu ya ukutani yakapakwa rangi.

Alilalamika jambo moja tu. Alisema hii haina bahasha. Zamani, ukitaka kujua kazi imefika wapi, uliishika, ukaifungua, ukaona saini au ukaona nafasi tupu. Sasa unaona kijani. Kisanduku cha nne kilikuuliza jina la aliyeidhinisha, ukaandika jina, kikakubali, na mtu yeyote angeweza kuandika jina lolote. Bosi alisema ndiyo maana ameajiri watu waaminifu. Mama Prufu aliendelea kutunza bahasha zake kabatini, na sisi tukaacha kuzifungua.

Binti yake alipata mchumba, kijana wa Musoma. Wazee wa kijana walikuja kufuata taratibu, na kwa taratibu hizo hawakuwa na wa kuongea naye nyumbani kwa Mama Prufu pale Mabatini, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mwanamke. Wakavuka kwenda Sengerema kwa baba yake. Baba akaja siku ya kikao amevaa koti, akakaa kwenye kiti kikubwa cha sebule ya Mama Prufu, akawapokea wageni, akanywa chai, akakubali posa, akavuka kurudi. Aliyepika na kuandaa ni Mama Prufu. Alinisimulia haya rula ikiwa mkononi, na hakuinua macho.

Siku chache baadaye binti alileta maneno ya kadi kutoka kwenye kamati ya harusi. Yalianza kama kadi zote zilivyoanza, familia ya Bwana na Bibi, kisha jina la baba. Jina la mama halikuwepo, na wala halikuwa kosa la mtu. Kadi ndivyo zilivyoandikwa. Nilipanga herufi, nikatoa prufu. Mama Prufu aliisoma kwa kurudi nyuma, akaisoma kwa kwenda mbele, safari hii kimya, akaitia kwenye bahasha. Kwenye kompyuta alibonyeza kisanduku cha tatu. Cha nne kikabaki cheupe.

Kilibaki hivyo wiki nzima. Kikabaki hivyo wiki ya pili. Kadi za Musoma zilitakiwa ziende na basi, za Bukoba ziende na meli, na kamati ilikuwa inatuma mtu kila siku mbili. Bosi akaanza kuguna tena. Nilimwuliza, mama, ile kadi vipi. Akajibu, "Mteja hajasoma." Nikaelewa anajisema yeye mwenyewe, kwa aibu, kama mtu anavyojisema pembeni. Nikaona hawezi kulisoma jina la yule bwana kwa sauti, na hatalisoma. Nilimwonea huruma. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haikusaidia kitu.

Binti alikuja mchana mmoja, mama yake akiwa amekwenda Nyegezi kupeleka prufu ya chuo. Alisimama mbele ya meza yangu na mkoba wake wa daftari za wanafunzi. Alinieleza kwamba nyumbani kadi haitajwi. Akimwuliza mama ataonekana amemchagua baba, na asipouliza harusi itapita bila kadi.

"Mama hataki kulisoma lile jina," akasema. "Na mimi siwezi kumlazimisha mama yangu, dada. Wewe ichape tu ilivyo."

Nilimwuliza kama anataka kuiona kwanza. Akasema akiiona atalia, na anarudi darasani saa nane. Bahasha ilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikuifungua. Nilikuwa na prufu yangu kwenye kioo na niliijua. Binti alipoondoka nilibonyeza kisanduku cha nne. Kikauliza jina la aliyeidhinisha. Nikaandika majina yote matatu ya Mama Prufu, nikayasoma mara mbili kuhakikisha, kikawa kijani.

Alirudi jioni akakuta kadi zimetandazwa zinakauka. Alichukua moja, akaisoma kuanzia neno la mwisho hadi la kwanza. Wapiga chapa walikuwa wananawa mikono. Akairudisha mahali pake na kuinyoosha pembe. "Rangi imeshika vizuri," akasema. Halafu akaenda kwenye kompyuta, akaangalia kidogo, akaizima kama alivyofanya kila jioni.

Harusini nilikaa meza ya wafanyakazi wenzake, upande wa nyuma. Yeye alikaa mbele kidogo na dada zake. Baba alifika na mke wake wa Sengerema, mwanamke mpole aliyevaa kitenge cha kushona, ambaye naye alikuwa amepata kadi, na kadi ilisema Bwana na Bibi, na jina lililofuata lilikuwa la mume wake. Msema chochote aliinua kadi, akaisoma, akawaomba wazazi wa bibi harusi wasogee meza kuu. Baba akainuka. Yule mke akatazama huku na huku, akaona hakuna anayeinuka, akamfuata. Binti alitazama chini kwenye maua yake. Ukumbi ukapiga makofi, kwa kuwa wengi walitoka Musoma na hawakujua nani ni nani. Mama Prufu alipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Nilingoja nisikie kitu moyoni na sikusikia. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako ila haukujibu.

Alifanya kazi mwezi mmoja baada ya pale. Kisha akamwambia Bosi macho yamechoka, na safari hii sikujua kama ni kweli. Hakuomba chochote isipokuwa ule ubao wa stoo. Kabati lake likawa langu. Barua za Sengerema alizichukua, bahasha za kazi aliziacha zote zimepangwa, na ile ya kadi ilikuwa ya juu kabisa. Nikaifungua.

Hakuwa amelikata jina la baba. Alisahihisha hata nukta yake iliyokosewa. Chini yake kwa kalamu nyekundu aliongeza neno "na", kisha majina yake matatu, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Pembeni aliandika, "Mteja asome kwanza. Akikubali." Mahali pa saini aliandika jina la binti yake, na mbele yake hapakuwa na kitu.

Mteja alikuwa binti. Kanuni hiyo nilikuwa nimeisikia miaka yote, kwamba mteja ni yule aliyeleta kazi mlangoni, hata kama mwenye sherehe ni mwingine. Mama alikuwa anamngoja binti aje asome, kwa sababu hakuweza kumwambia mtoto wake, niweke na mimi. Binti alikuwa anamngoja mama. Kila mmoja alikuwa anamstahi mwenzake. Na mimi, ambaye nilikuwa hatua tatu tu kutoka kabatini, nikabonyeza.

Sikumwambia mtu. Sikulia. Nilikula chakula cha mchana kama kawaida, nikapanga herufi za kalenda. Niliibeba ile bahasha nyumbani, nikahama nayo nyumba mbili. Nilikuwa nikiiona nikitafuta vitu vingine.

Nilikwenda Mabatini miaka kama mitatu baadaye, Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimesikia anasoma prufu za matangazo ya parokia, na kwamba paroko anamwogopa. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza habari za mashine kabla ya habari za watu. Alikuwa amepungua. Ubao ulikuwa ukutani sebuleni, misumari yake mitano ikiwa imebeba funguo, rozari, kofia ya mjukuu, kalenda, na kwenye ule wa tano chujio la chai.

Alinikaribisha kiti. Nilishukuru nikabaki nimesimama. Akasema basi achemshe chai.

"Saini kwanza, mama," nikasema, nikatoa bahasha.

Aliitambua kwa uzi. Hakuipokea. Alinitazama mimi, kisha akaitazama tena, na yeye pia akawa amesimama.

"Mteja siyo mimi," akasema.

"Najua. Nilijua nilipoifungua."

"Na yeye ana watoto wawili Musoma. Kadi itamsaidia nini." Akaugusa uzi wa bahasha. "Siku ile jioni niliangalia kwenye kompyuta aliyeidhinisha ni nani. Nikakuta ni mimi. Pale kazini ni wewe tu uliyekuwa unayajua majina yangu yote matatu."

Kumbe alijua tangu siku ile, na alikaa mezani kwake mwezi mzima na zaidi mbele yangu akiniuliza kama nimekula. Nikaiweka bahasha mezani. Yeye alivuta prufu kutoka kwenye bahasha, akainyoosha juu ya meza, akanisogezea.

"Aliyeidhinisha ndiye anayesoma. Kwa sauti."

Nikasoma. Familia ya Bwana, jina la baba, na. Nikayasoma majina yake matatu. Akasema rudia. Nikayarudia. Nikataka kuendelea na mstari wa tarehe, akaweka kidole pale pale.

"La mwenzako mara ngapi?"

Mara ya tatu nilifika jina la pili sauti ikakatika. Nililia pale nimesimama, vibaya, kwa kwikwi. Hakunigusa wala hakuninyamazisha. Alingoja kama alivyomngoja yule meneja wa samaki, mpaka nikamaliza jina la tatu. Kisha akanipa kalamu. Nafasi mbele ya jina la binti aliiacha ilivyo, akanionyesha chini yake, nikatia saini yangu na tarehe ya siku ile.

Aliisoma saini, akairudisha prufu ndani, akafunga uzi. Akaenda kwenye ubao, akaondoa chujio kwenye msumari wa tano, akatundika bahasha. Chujio akaenda nalo jikoni.

"Sasa kaa," akasema kutoka huko.

Nikavuta kiti, nikakaa.